Bomba la Maji Taka Likivuja Kwenye Nyumba Mpya, Nani Alipe?

Miongoni mwa watu wanaojijengea nyumba kuna imani iliyoenea kwamba fundi akishakabidhi funguo na kupokea malipo yake ya mwisho, mambo yake na mwenye nyumba yamekwisha. Kwa rangi ya ukuta imani hiyo ina nafuu kidogo, kwa kuwa rangi mbaya huonekana siku ile ile ya kukabidhiana, na aliyeipokea bila kusema neno atapata kazi kulalamika baadaye. Kwa mabomba ya maji taka yaliyolala chini ya sakafu haina mashiko hata kidogo, iwe kisheria au kiufundi. Bomba limefukiwa, jamvi la zege limemwagwa juu yake, vigae vimepangwa juu ya jamvi, kabati limewekwa juu ya vigae. Mwenye nyumba angelikagua vipi siku ya kupokea funguo?

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, na kwa sababu hiyo ndugu, jamaa na majirani huniletea ugomvi wao na mafundi mara nyingi kuliko wanavyoniletea michoro. Ugomvi wa mabomba ya maji taka ndio unaonichosha zaidi, kwa sababu pande zote mbili huja na uhakika mkubwa na ushahidi mdogo. Mwenye nyumba ana hakika kwamba ametapeliwa, na fundi ana hakika kwamba ni maji ya mvua. Msimamo wangu ni kwamba aliyejenga anawajibika kwa kasoro hiyo hata kama hamkuandikiana karatasi na hata kama umeshamlipa yote, lakini wajibu huo hautakusaidia chochote usipoweza kuonyesha bomba linavujia wapi, linavuja kwa sababu gani, na ni mkono wa nani uliopita hapo.

Nikianza na sheria, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haidai kwamba makubaliano ya namna hii yawe ya maandishi. Watu wazima wenye akili timamu wakikubaliana kwa hiari yao, kwa malipo halali na kwa jambo halali, wameshafunga mkataba. Fundi aliyekwambia kwamba atakujengea choo na bafu pamoja na mabomba hadi kwenye chemba kwa kiasi fulani, nawe ukamtumia malipo ya kuanzia kwa simu, amefungwa na maneno yake. Ujumbe wa muamala, picha za saiti alizokuwa akikutumia kwa WhatsApp na stakabadhi za duka la vifaa vya ujenzi ni ushahidi, na tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi haukataliwi mahakamani kwa sababu tu umetoka kwenye simu. Zaidi ya hayo, mtu anayejitangaza kuwa fundi bomba anahesabiwa kuwa ameahidi kufanya kazi kwa ujuzi na uangalifu wa kawaida wa fani yake, ingawa hakuna aliyelitamka jambo hilo siku ya makubaliano.

Kuhusu fidia, kifungu cha 73 cha sheria hiyo kinasema kwamba aliyevunja mkataba atamlipa mwenzake hasara iliyozaliwa na uvunjaji huo kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo wote wawili walijua tangu siku ya makubaliano kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Maneno haya tuliyarithi kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, nayo India ilifuata kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, Hadley dhidi ya Baxendale, iliyohusu mhimili wa kinu cha nafaka cha huko Gloucester uliovunjika, ukachelewa njiani ulipopelekwa uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wenye kinu walidai faida waliyokosa kwa muda kinu kilipokuwa kimelala, wakaikosa, kwa kuwa mahakama iliona msafirishaji hakujulishwa kwamba bila mhimili huo kazi yote ingesimama. Inaonekana ni hadithi ya mbali sana na choo cha Kimara au cha Nyegezi, lakini ndiyo inayoamua kama utalipwa kodi ya pango uliyopoteza mpangaji alipohama kwa sababu ya harufu. Ukimwambia fundi tangu mwanzo kwamba vyumba vya uani ni vya kupangisha, na mambo hayo yakabaki hata kwenye ujumbe mfupi wa simu, hasara hiyo ameijua. Ukikaa kimya, atajibu kwamba alidhani unajenga kwa ajili ya wageni wako, na jibu lake litakuwa na uzito.

Muda nao una mahali pake. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri la kuvunja mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na shauri la madhara yasiyotokana na mkataba, kama vile uzembe, ndani ya miaka 3. Wengi hudhani miaka hiyo 6 huanza siku unyevu ulipoonekana ukutani. Kwa kawaida huanza siku mkataba ulipovunjwa, yaani siku kazi mbovu ilipofanywa au kukabidhiwa, na ndiyo maana mtu anayekaa na ukuta uliolowa miaka minne akisubiri fundi arudi kutoka Mtwara anakula muda wake mwenyewe. Ipo nafuu kwa yule aliyefichwa kwa hila: fundi aliyejua bomba limepasuka akalifukia haraka kabla mwenye nyumba hajafika saiti hawezi kujikinga na muda uliopita kabla udanganyifu wake haujagundulika. Kuthibitisha hila, hata hivyo, si sawa na kuthibitisha uzembe, na sishauri mtu aitegemee.

Sasa nije kwenye mtaro wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kesi hizi huamuliwa.

Mdogo wangu wa kike alihamia nyumba yake mpya huko Kibamba kabla ya masika. Haukupita muda, lipu ya ukuta wa chumba kinachopakana na choo ikaanza kuvimba karibu na sakafu, ikatoa unga mweupe wa chumvi, na kigae kimoja kando ya ukuta kikawa kinalia kitupu kila kikigongwa. Alipompigia fundi mkuu, akajibiwa: "Dada, nyumba mpya lazima itoe jasho, iache ikauke." Jibu hilo si la kuchekwa, kwa sababu zege na lipu mbichi hubeba maji mengi na huchukua miezi kukauka. Lakini jasho la nyumba hupungua kadiri siku zinavyosogea. Haliongezeki kila jioni watu wanapomaliza kuoga. Tofauti hiyo mdogo wangu aliiona mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya nifunge safari.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kutenganisha maji safi na maji taka. Tulifunga mabomba yote ya ndani na vali ya kuingia kwenye tangi la juu, tukaangalia mita ya maji. Mshale ukiendelea kuzunguka hali kila kitu kimefungwa, bomba la maji safi kati ya mita na nyumba ndilo linalovuja; na kwa mabomba yanayotoka tangini, huwekwa alama kwenye kina cha maji ya tangi na kusubiri usiku mzima. Vyote viwili havikusogea. Kisha tukamimina rangi nyekundu ya chakula kwenye choo, tukavuta maji, tukaenda kusubiri kwenye chemba ya kwanza nje ya ukuta. Rangi ilifika, lakini ilikuja kidogo na ikakawia, na baada ya muda udongo uliokuwa kati ya ukuta na chemba, tulipouparua kwa jembe, ulikuwa na wekundu. Sikuhitaji ushahidi mwingine kwamba bomba linavuja kabla ya kufika kwenye chemba. Nilichohitaji ni kujua kwa nini.

Hapo ndipo nilipomzuia mdogo wangu kuita kijana wa nyundo. Mwenye nyumba mwenye hasira hubomoa kwanza na kuuliza baadaye, na akishabomoa, fundi aliyejenga anasema kwamba bomba limepasuliwa na huyo aliyebomoa. Hakuna atakayeweza kumkanusha. Tulimwandikia fundi mkuu ujumbe wa kumtaka aje siku fulani saa fulani kushuhudia uchimbaji, tukamweleza kwamba asipokuja tutachimba mbele ya mjumbe wa mtaa na fundi mwingine. Alikuja. Nadhani alikuja kwa sababu ujumbe ulikuwa wa adabu, kwa kuwa mafundi wengi wameshazoea kuitwa kwa vitisho na wamejifunza kuzima simu.

Tulichimba kutoka nje, ambako hakuna kigae cha kuvunja, tukalifuata bomba hadi linapoingia ukuta wa msingi. Lilikuwa bomba la PVC la nchi nne, na karibu kabisa na ukuta kulikuwa na kiungo kisichokuwa na soketi, yaani kile kipande cha kuunganishia mabomba mawili. Fundi bomba alikuwa amechoma ncha ya bomba moja kwa moto hadi ikalegea, akaipanua, akasukumiza bomba la pili ndani yake. Kila aliyewahi kusimama saiti ameiona kazi hii: karatasi za mfuko wa saruji zinawashwa, bomba linazungushwa juu ya miali, na soketi moja inaokolewa. Ukingo wa kiungo kile ulikuwa umeungua ukawa wa kahawia, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, na gundi ilikuwa imepakwa juu ya vumbi, kwa hiyo ilibanduka kwa kucha. Chini ya bomba hapakuwa na mchanga. Lilikuwa limelazwa juu ya kifusi, vipande vya tofali na kokoto. Na pale lilipopenya msingi, zege lilikuwa limelibana pande zote bila nafasi hata ya kidole. Nyumba mpya hutulia, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kunywea kiangazi, na inapotulia bomba lililobanwa na ukuta hushuka pamoja na ukuta wakati sehemu iliyo nje inabaki pale pale. Mzigo wote wa tofauti hiyo huangukia kiungo cha karibu, na kiungo cha karibu kilikuwa kile cha moto.

Kabla hatujakata chochote tulipiga picha tukiwa tumeweka futi kamba kando ya bomba, kisha tukakata kipande chenye kiungo, kikafungwa kwenye mfuko na kuwekwa stoo. Kipande hicho kilikuwa na nguvu kuliko barua yoyote ambayo ningeiandika. Kama fedha zinazogombewa ni nyingi, ningeongeza ripoti fupi ya mhandisi aliyesajiliwa, mtu asiye ndugu wa upande wowote, kwa kuwa maneno yangu mimi kaka wa mwenye nyumba yangepunguzwa uzito mbele ya hakimu yeyote makini.

Baada ya sababu kujulikana, swali la nani alipe likageuka kuwa swali la nani alileta nini. Nyumba nyingi za watu binafsi hapa kwetu hujengwa kwa mtindo wa ufundi: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analipwa hela ya ufundi. Mtindo huo hupunguza gharama, lakini pia huugawa wajibu katika vipande ambavyo watu hawakuvifikiria. Bomba likipasuka katikati ya mwili wake kwa sababu ni jepesi mno, mwenye nyumba aliyelichagua dukani atajilaumu mwenyewe, au atarudi kwa muuza duka, kwa kuwa bomba ni bidhaa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamdai muuzaji bidhaa inayofaa kwa kazi aliyoambiwa. Bomba likivuja kwenye kiungo, kwenye mteremko mbaya au kwa kukosa mchanga, hilo ni la fundi, awe amenunua yeye bomba au hakununua. Mdogo wangu alikuwa amenunua mabomba mepesi kuliko yale niliyoyaandika kwenye orodha, na fundi mkuu hakuchelewa kulisema hilo mtaroni. Alikuwa na haki ya kulisema. Lakini bomba halikupasuka mwilini, lilifunguka kwenye kiungo, na bomba zito kuliko yote sokoni likiunganishwa kwa moto na kupakwa gundi juu ya vumbi litavuja vilevile. Isitoshe, fundi anayeona kifaa hakifai ana wajibu wa kusema kabla hajakifukia, na akishasema, kwa faida yake mwenyewe alitume neno hilo kwa maandishi.

Halafu kulikuwa na suala la fundi bomba. Fundi mkuu alisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye ni mwashi na hakuligusa bomba lile. Lilifanywa na kijana aliyemwita kutoka Mbezi ambaye kwa sasa hapatikani. Hilo halimhusu mwenye nyumba. Mdogo wangu alikubaliana na kumlipa mtu mmoja kwa kazi yote hadi kwenye chemba, na mtu huyo ndiye anayejibu, kisha amtafute kijana wake wakahesabiane wao kwa wao. Mambo yangekuwa mengine kama mdogo wangu angekuwa amemleta fundi bomba mwenyewe na kumlipa kando, jambo ambalo watu hulifanya ili kuokoa kidogo, kisha wanashangaa kwamba kila mmoja wa mafundi watatu anamwelekezea mwenzake kidole.

Mwisho wa yote fundi mkuu alikubali kurudia mabomba kutoka chooni hadi kwenye chemba kwa hela yake, kazi na soketi na mchanga vikiwa juu yake, na kupiga lipu upya. Ubishi uliobaki ulikuwa wa vigae. Ilibidi sakafu ya choo ivunjwe ili kulifikia bomba lote, na vigae vya toleo lile vilikuwa vimekwisha dukani. Vilivyopatikana vilikuwa na rangi iliyopishana kidogo. Mdogo wangu alitaka sakafu nzima ibadilishwe. Kwa mujibu wa kifungu cha 73 gharama ya kuvunja na kurudishia ni hasara ya kawaida kabisa inayotokana na bomba bovu, kwa hiyo fundi hakuweza kuikwepa, lakini sakafu nzima kwa ajili ya vigae vichache niliona ni kuzidisha, na niliwaambia hivyo wote wawili. Wakagawana nusu kwa nusu. Hakuna aliyefurahi, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo alama ya mapatano yanayodumu.

Ningependa kusisitiza jambo moja hapa ambalo huwaponza wenye haki: sheria inaangalia pia ulichofanya wewe kupunguza hasara. Anayejua choo kinavuja akaendelea kukitumia miezi na miezi ili hasara ikue na dai linenepe atakatwa sehemu ile ambayo angeweza kuizuia. Kama kuna choo cha nje, tumia cha nje. Kama fundi amekataa kuja baada ya kuarifiwa vizuri, tengeneza kwa bei ya kawaida ya soko, tunza stakabadhi, kisha udai. Na kama maji hayo yanaelekea kwenye kisima au uwanja wa jirani, usimsubirishe jirani kwa hadithi ya fundi wako; kwake yeye mwenye kiwanja ndiye anayejibu kero inayotoka kwenye kiwanja hicho, ugomvi wako na fundi ni wako.

Katika miradi mikubwa mambo haya yana utaratibu wake. Mkataba huweka kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12 baada ya kukabidhi, na sehemu ya malipo hushikiliwa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Nusu huachiliwa kazi inapokamilika na nusu kipindi kinapoisha. Wakandarasi wengine huwaambia wateja kwamba kipindi kikiisha wajibu nao umeisha. Si kweli, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema hivyo waziwazi. Kipindi cha matazamio ni muda ambao mkandarasi anapaswa kurudi mwenyewe kurekebisha, na ana haki ya kupewa nafasi hiyo kabla hujamwita mwingine. Baada ya hapo kasoro iliyofichika inabaki kuwa uvunjaji wa mkataba hadi muda wa ukomo uishe. Wenzetu wa nchi zinazofuata sheria ya Ufaransa wana jambo zuri zaidi, yaani dhamana ya miaka 10 inayomfunga mjenzi kwa kasoro nzito za jengo bila mwenye nyumba kulazimika kuthibitisha uzembe. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo kwa nyumba za kawaida, na kwa maoni yangu tunakihitaji.

Aliyenunua nyumba ikiwa imeshajengwa ana hali ngumu kuliko aliyejenga. Yeye hakufunga mkataba wowote na fundi. Mkataba wake ni na muuzaji, na katika uuzaji wa nyumba kanuni ya zamani ni kwamba mnunuzi afumbue macho yake mwenyewe. Je, hawezi kumfuata fundi kwa uzembe? Uingereza iliwahi kuelekea huko, kisha ikarudi nyuma katika kesi ya Murphy dhidi ya Halmashauri ya Brentwood iliyoamuliwa mwaka 1990. Nyumba ya Murphy ilijengwa juu ya jamvi la zege lililosanifiwa vibaya, ikatulia upande upande, kuta zikapasuka, bomba la gesi likavunjika na bomba la maji taka likawa linavujia kwenye msingi. Aliuza nyumba kwa pauni 35,000 chini ya thamani yake kama ingekuwa nzima, akamshitaki aliyekubali michoro, yaani halmashauri. Akashindwa. Mabwana wa sheria, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walisema kwamba kasoro ya nyumba yenyewe ni hasara ya kifedha tu, na hiyo hudaiwa kwa mkataba. Uzembe hulipiwa pale kasoro inapomdhuru mtu au mali nyingine. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, kwa sababu sheria ya Uingereza tuliyoipokea ni ile ya hadi tarehe 22 Julai 1920 na ya baada ya hapo ni ya kushawishi tu, lakini wakili wa fundi ataileta mezani. Kwa hiyo anayenunua nyumba mpya amtake muuzaji aandike kwenye mkataba wa mauziano kwamba mifumo ya maji taka ni mizima na kwamba atagharamia kasoro itakayojitokeza ndani ya muda mtakaokubaliana. Muuzaji anayekataa sentensi hiyo amekupa habari muhimu bila malipo.

Kuhusu pa kupeleka lalamiko, niseme kwa ufupi. Mkandarasi aliyesajiliwa anaweza kulalamikiwa kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mhandisi kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi hizi zina meno dhidi ya wanachama wake, lakini si mahali pa kudaia gharama za vigae. Fundi wa mtaani asiyesajiliwa yuko nje ya mikono ya bodi, na fundi wa namna hiyo ndiye aliyejenga nyumba nyingi tunazozungumzia. Kwake ni barua ya madai yenye picha na hesabu, kisha usuluhishi, na mkishindwana ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Watu wengi hukimbilia polisi ili fundi awekwe ndani hadi alipe. Bomba linalovuja si jinai, polisi si wakusanya madeni, na fundi aliye mahabusu hawezi kushika msumeno.

Kwa yule ambaye mitaro yake bado iko wazi, hiki ndicho kifungu ninachokiandika siku hizi kwenye mikataba ya nyumba za kawaida, naye yuko huru kukinakili:

"Mabomba yote ya maji taka yatalazwa juu ya mchanga, kwa mteremko usiopungua sentimita 2.5 kwa kila mita kwa bomba la nchi nne, na yataunganishwa kwa soketi. Hakuna bomba litakalochomwa moto. Bomba linalopenya ukuta wa msingi litaachiwa nafasi pande zote. Kabla ya kufukiwa, mabomba yatajaribiwa mbele ya mwenye nyumba au mwakilishi wake kwa kuziba upande wa chini na kujaza maji hadi kimo cha mita 1.5 juu ya bomba upande wa juu, kuyaacha yatulie, kisha kupima kupungua kwake kwa nusu saa. Panapovuja patafunguliwa na kurekebishwa kwa gharama ya fundi, na jaribio litarudiwa. Picha za mtaro ukiwa wazi zitakuwa sehemu ya mkataba huu. Sehemu ya kumi ya malipo ya ufundi itabaki kwa mwenye nyumba hadi masika moja ipite baada ya kuhamia, na kulipwa kwake hakutamwondolea fundi wajibu wa kasoro iliyofichika."

Mafundi wazuri hawakigombi kifungu hiki, ila huuliza maji ya jaribio yatatoka wapi, kwa kuwa wakati huo saiti nyingi hazijaunganishiwa maji. Ni swali la haki. Bomba la nchi nne hubeba kama lita 8 hadi 9 kwa kila mita, kwa hiyo mtaro wa mita 20 hutosheka kwa pipa moja la lita 200, na pipa hilo huwa naliandika upande wa mwenye nyumba.